Je, Wajua? Mchikichi wa Yangambi na Kufuli la Hataza

Ukiteremka Mto Kongo kutoka Kisangani, baada ya kilomita kama 100 unaiona Yangambi kwenye ukingo wa kulia. Mwaka 1933 Wabelgiji waliunda INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo, na kituo chake kikuu cha utafiti kikawa hapo. Leo taasisi hiyo inaitwa INERA. Wengi huitaja Yangambi kwa msitu wake. Wanaojua kwamba biashara ya mawese ya dunia nzima inasimama juu ya jambo lililogunduliwa pale ni wachache, na hilo linaniuma.

Je, wajua ni jambo gani? Pasua chikichi utazame kokwa. Aina ya dura ina ganda nene, hivyo nyama yenye mafuta hubaki kidogo. Pisifera haina ganda kabisa, lakini mti wake mara nyingi hauzai, mashada huoza kabla ya kuiva. Kati yao kuna tenera, yenye ganda jembamba na nyama nyingi. Mwaka 1941 watafiti wawili wa Yangambi, Beirnaert na Vanderweyen, walionyesha kwamba tenera ni mtoto wa hao wengine wawili. Chukua chavua ya pisifera uipake kwenye ua la dura, na watoto wote watakuwa tenera. Mafuta yake huzidi ya dura kwa asilimia 30 hivi.

Hapo pana kufuli lisilohitaji hakimu. Mkulima akiokota mbegu za tenera wake na kuzipanda, watoto hutawanyika: robo wanarudi kuwa dura, robo wanakuwa pisifera wasiozaa, na nusu tu ndio tenera. Akitaka shamba zima la tenera lazima arudi kwa mwenye miti wazazi. Kwa hiyo hata pasipo karatasi ya serikali, anayeshika dume wa pisifera anashika soko la mbegu.

Ugunduzi wenyewe ulichapishwa wazi, kila mwenye macho ausome. Mbegu nazo zilisafiri. Damu ya michikichi ya Yangambi imo katika mashamba ya kuzalishia mbegu ya Malaysia, Indonesia na Kodivaa, na siku hizi Indonesia na Malaysia peke yao hutoa zaidi ya asilimia 80 ya mawese yote duniani.

Je, wajua kwamba hataza ilifika miaka 70 na zaidi baadaye? Mwaka 2013 bodi ya mawese ya Malaysia, MPOB, pamoja na kampuni ya Marekani iitwayo Orion Genomics, walitangaza kwamba wameipata jeni inayoamua unene wa ganda. Waliiita SHELL, na wakaiombea hataza. Faida yake si ndogo. Zamani ulipanda mche na kungoja miaka kadhaa hadi uzae ndipo ujue kama umeuziwa dura. Sasa kipande cha jani kutoka kitaluni kinatosha kukupa jibu. Waliofanya kazi hiyo wanastahili malipo yao. Lakini swali la 1941 na jibu la 2013 ni la mti uleule, na mwenye mti wa kwanza hamo katika leseni.

Je, hataza ya Marekani inamfunga mkulima wa Tshopo, mkoa wenye Yangambi na Kisangani? Hapana, na hili watu wengi hawalijui. Hataza huishia mpakani mwa nchi iliyoitoa. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina sheria yake ya mali ya viwanda ya tarehe 7 Januari 1982, tena haimo katika mashirika ya kikanda ya hataza, OAPI ya Yaoundé wala ARIPO ya Harare, kwa hiyo hataza zinazotolewa na ofisi hizo mbili hazina nguvu Kisangani.

Na pale hataza inapokuwa halali, je, mwenyewe anaweza kudai lolote? Hapa ndipo sheria ya ushindani inapoingia. Kifungu cha 40 cha mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani kinaziruhusu nchi kuzuia masharti ya leseni yanayoua ushindani, na kinayataja matatu: kumlazimisha mpewa leseni amrudishie mwenye hataza peke yake kila alichoboresha, kumkataza asihoji uhalali wa hataza, na kumshurutisha achukue leseni asizozihitaji pamoja na ile anayoitaka. Mwaka 2003 Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini iliona kwamba GlaxoSmithKline na Boehringer Ingelheim walitumia vibaya nguvu zao katika dawa za UKIMWI. Kesi ikaisha kwa mapatano, na watengenezaji wengine wakapewa leseni. Kongo nayo ilipata sheria ya uhuru wa bei na ushindani tarehe 9 Julai 2018. Ningependa kuiona ikisomwa Yangambi, mezani pamoja na vitabu vya mbegu.

Sasa geukia mgomba. Je, wajua kwamba kuna ndizi iitwayo Yangambi Km5, kwa jina la mahali penyewe, kilomita ya 5 ya Yangambi? Inastahimili sigatoka nyeusi, ugonjwa unaounguza majani ya migomba. Hifadhi ya kimataifa ya migomba iliyoko Leuven, Ubelgiji, inaitunza na kuigawa. Kati ya 1997 na 2002 mradi wa maendeleo wa Kagera, Tanzania, uliigawa kwa wakulima pamoja na aina za FHIA, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Honduras.

Mgomba hauna kufuli la mchikichi. Hauzai kwa mbegu, huzaa kwa chipukizi, na chipukizi ni mama yake mtupu, hakuna robo wala nusu. Mkulima wa Bukoba, hukohuko Kagera, anachimba moja pembeni mwa shina, anampa jirani, naye jirani mwaka unaofuata anachimba lake na kumpa shemeji yake wa Muleba.