Lumbesa, neno linalomla mkulima

Muhula uliopita niliwataka wanafunzi wangu wa isimu wakusanye msamiati wa sokoni. Mmoja wao, mwana wa mkulima wa viazi huko Nyandarua, aliniletea neno moja tu: lumbesa. Nilidhani amezembea. Nilipomhoji, alizungumza kwa nusu saa nzima.

Lumbesa (Tanzania husikika pia kama rumbesa, kwani l na r ni majirani wasioheshimu mpaka) ni gunia lililojazwa pomoni, kisha likavikwa kilemba cha wavu ambacho nacho hujazwa. Kwa hesabu ya dalali, hilo bado ni gunia moja. Mkulima hulipwa kwa gunia, si kwa kilo. Ushuru nao umezoeleka kutozwa kwa gunia. Lakini mzigo ukifika soko la Wakulima, Nairobi, hufunguliwa na kuuzwa kwa vipimo vidogo vidogo, na mama mboga hulipia kila kiazi, hata vile vya kilembani. Simtaji mpagazi, ambaye mgongo wake haukuulizwa.

Sheria ipo. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinaamuru gunia lisizidi kilo 50. Mbona basi lumbesa ingali hai? Kiazi kikishachimbuliwa hakina subira. Kikianikwa juani hugeuka kijani na kuwa kichungu, na maghala ya kukihifadhi ni machache mno. Mkulima akikataa, lori linakwenda kwa jirani.

Sisemi kwamba kila dalali ni mnyang'anyi. Pasipo lori lake na ujasiri wake wa kupita kwenye matope ya masika, jiji lingekosa chipsi. Neno lenyewe tulilipata kwa Waarabu, nalo lina shina moja na dalili: dalali ni mwenye kuonyesha. Anachokificha ni uzito.

Baba yake mwanafunzi huyo alinunua mizani, akaitundika mtini karibu na lango la shamba. Dalali wa kwanza kuiona hakushuka hata garini, akamwambia dereva asonge mbele. Viazi vya msimu ule viliozea shambani, na karo ya kijana ikachelewa.

Msimu huu majirani sita wamekubaliana kutouza ila mbele ya mizani ile. Nilipomwuliza kijana wiki jana, aliniambia kwamba viazi vimekwisha kuchimbwa na kufunikwa kwa majani, na lori bado halijaonekana.