Kucha za miguu zilizoharibika: Soko dogo lenye faida, lakini lina masharti

BIASHARA ya urembo wa kucha ni miongoni mwa biashara ndogo ndogo zilizoota mizizi katika miji ya Afrika Mashariki tangu milango ya soko huria ilipofunguliwa. Kuanzia Kariakoo hadi Mombasa, vijana wanaopita mitaani na vikapu vya rangi, tupa na asetoni wamekuwa sehemu ya kawaida ya mandhari ya mji, na saluni nyingi zimetenga kona maalumu kwa ajili ya kucha.

Hata hivyo, ndani ya soko hilo ipo sehemu moja ambayo wafanyabiashara wengi huipita bila kuitazama. Nayo ni huduma kwa watu ambao kucha zao za miguu zimeharibika, zimebadilika rangi au zimeng'oka kabisa. Mteja wa aina hii anachotafuta ni kuweza kuvaa makubazi harusini au kuvua viatu mlangoni mwa wakwe bila kuficha vidole. Mtu mwenye haja ya namna hiyo hurudi kila baada ya wiki kadhaa, na habadilishi fundi ovyo.

Ukurasa huu umeliangalia soko hilo kwa jicho la mwekezaji mdogo: uhitaji unatoka wapi, bidhaa zilizopo ni zipi, hesabu zake zikoje, na ni wapi mtaji unaweza kupotea.

UHITAJI UNATOKA WAPI

Sababu za kuharibika kwa ukucha wa mguu ni nyingi. Viatu vinavyobana, mpira wa miguu, kujikwaa na kuangukiwa na mzigo ni baadhi yake. Wapanda mlima na wapagazi wa Kilimanjaro hupoteza kucha hasa wakati wa kuteremka, kwa kuwa vidole hugonga mbele ya kiatu kwa saa nyingi. Vijijini, tekenya huharibu vidole na kucha. Sababu kubwa kuliko zote ni fangasi, ambao huchukua takriban nusu ya matatizo yote ya kucha yanayofikishwa kwa waganga.

Jambo la msingi ambalo mfanyabiashara anapaswa kulielewa ni mwendo wa ukucha wenyewe. Ukucha wa mkono hukua kiasi cha milimita 3.5 kwa mwezi, lakini wa mguu hukua milimita 1.6 tu. Ukucha wa kidole gumba cha mguu uking'oka leo, huchukua kati ya miezi 12 na 18 kurudi kamili.

Hata mgonjwa wa fangasi anayetibiwa vizuri hukutana na hali hiyo hiyo. Dawa ya vidonge iitwayo terbinafine, ambayo hutolewa kwa maelekezo ya daktari, humezwa miligramu 250 kila siku kwa wiki 12 kwa kucha za miguu. Baada ya wiki hizo fangasi wanaweza kuwa wamekwisha, lakini ukucha wenye sura mbaya bado upo pale pale, ukisubiri kusukumwa nje na mpya. Kipindi hicho kati ya kupona na kupendeza ndicho soko lenyewe.

BIDHAA NA HUDUMA ZILIZOPO

Kwa mtazamo wa biashara, zipo ngazi tano, kuanzia ile ya mtaji mdogo hadi ya utaalamu mkubwa.

Ngazi ya kwanza ni rangi ya kawaida. Hii hufaa pale ukucha upo lakini una madoa au umebadilika rangi. Mtaji wake ni mdogo na mzunguko ni wa haraka, lakini ushindani ni mkali na faida kwa kila mteja ni ndogo.

Ngazi ya pili ni kucha za plastiki za kubandika. Pakiti ya kucha za miguu huwa na vipande vya saizi mbalimbali, mara nyingi 24, na hubandikwa kwa gundi au kwa stika. Zinafaa kwa sherehe ya siku moja au mbili. Kasoro yake ni kwamba zinahitaji ukucha wa asili wa kushikilia, na zikikaa muda mrefu huingiza unyevu chini yake. Unyevu huo hulea bakteria wanaougeuza ukucha kuwa wa kijani.

Ngazi ya tatu ni kujenga ukucha kwa akriliki au jeli. Akriliki ni unga unaochanganywa na maji ya kemikali mpaka ukagande. Asili yake ni udaktari wa meno: mwaka 1954 daktari wa meno wa Philadelphia, Marekani, Frederick Slack, alitumia vifaa vya kazi yake kuziba ukucha wake uliovunjika. Jeli kwa upande wake hukaushwa kwa taa ya mionzi. Huduma hizi hurudisha umbo la ukucha uliobaki nusu, na hapa ndipo fundi mwenye mkono mzuri anapoanza kutoza bei ya maana.

Ngazi ya nne ni resini laini inayopinda pamoja na kidole, ambayo hutumiwa zaidi na matabibu wa miguu huko Ulaya na Marekani. Sehemu iliyoharibika hukatwa na kusafishwa kwanza, kisha resini hupakwa na kukaushwa kwa taa. Hukaa wiki kadhaa kabla ya kuhitaji marekebisho.

Ngazi ya tano ni kwa wale ambao ukucha hautarudi tena kwa sababu shina lake limeondolewa au limekufa. Baada ya kidonda kupona, ngozi ya mahali hapo hukakamaa, na wengine hupaka rangi moja kwa moja juu yake. Wengine hutengenezewa kifuniko cha silikoni chenye sura ya kidole na ukucha wake. Kazi hiyo ni ya fundi wa viungo bandia, na haifai kujaribiwa saluni.

HESABU ZIKOJE

Tuchukue mfano wa fundi anayekodi kona ndani ya saluni na kutoa huduma ya ngazi ya tatu. Takwimu zifuatazo ni za kufundishia tu. Kila msomaji aweke bei za mtaa wake.

Tuseme gharama zisizobadilika kwa mwezi ni pango Sh. 80,000, umeme Sh. 20,000, dawa za kusafishia vifaa Sh. 30,000 na ujira wa fundi Sh. 200,000. Jumla ni Sh. 330,000. Kila mteja analipa Sh. 15,000, na vifaa vinavyotumika kwake ni Sh. 4,000. Kinachobaki ni Sh. 11,000. Ukigawanya, utaona kuwa fundi huyu anahitaji wateja 30 kwa mwezi ili asipate hasara wala faida.

Wateja 30 kwa mwezi ni mahudhurio 360 kwa mwaka. Mteja anayerekebishiwa ukucha kila wiki tano huhudhuria takriban mara 10 kwa mwaka. Hivyo basi, wateja wa kudumu wapatao 35 wanatosha kuibeba biashara nzima. Ikiwa vifaa vya kuanzia viligharimu Sh. 660,000, mahudhurio 40 kwa mwezi yataleta ziada ya Sh. 110,000, na mtaji huo utarudi katika miezi sita.

Sasa tuongeze jambo moja ambalo wengi hulikwepa. Tuseme fundi anaamua kutumia tupa mpya kwa kila mteja, na inamgharimu Sh. 1,000 zaidi. Kinachobaki kinashuka hadi Sh. 10,000, na idadi ya kutopata hasara inapanda kutoka wateja 30 hadi 33. Yaani usafi unamgharimu wateja watatu kwa mwezi. Fundi anayebana shilingi hizo anahamisha fangasi kutoka mguu mmoja hadi mwingine kwa tupa ile ile, na kwa wateja 35 wanaofahamiana, habari ya mmoja aliyeambukizwa inatosha kuwaondoa wote.

MTAJI UNAVYOWEZA KUPOTEA

Hatari ya kwanza iko kwenye chupa. Ipo kemikali iitwayo methyl methacrylate, au kwa kifupi MMA, ambayo ni rahisi kwa bei na hushika kama saruji. Katika miaka ya 1970 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliingilia kati na kuziondoa sokoni bidhaa za kucha zenye kemikali hiyo ikiwa tupu, baada ya malalamiko ya kucha kuharibika na ngozi kuwashwa. Watengenezaji makini walihamia kwenye ethyl methacrylate, EMA. Dalili za MMA ni harufu kali isiyo ya kawaida, ugumu wa kupitiliza na kukataa kulainika kwenye asetoni. Ukucha uliokwisha kudhoofika ukijengewa kwa kitu hicho, ukigonga kizingiti unang'oka mzima.

Hatari ya pili ni jeli zilizokataliwa kwingine. Tangu tarehe 1 Septemba 2025, Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kemikali ya TPO katika vipodozi, ambayo ilikuwa ikitumika sana kuzifanya jeli zikauke chini ya taa. Mfanyabiashara anayeletewa shehena ya jeli kwa bei ya chini kuliko kawaida asome kwanza orodha ya viambato kabla ya kushangilia punguzo.

Hatari ya tatu ni ya kisheria. Kwa Tanzania, udhibiti wa vipodozi ulihamishwa mwaka 2019 kutoka iliyokuwa TFDA kwenda Shirika la Viwango, TBS. Anayeagiza au kuuza bila kufuata taratibu za usajili anajiweka katika nafasi ya kunyang'anywa mzigo wote. Aidha, waagizaji wakumbuke kwamba katoni moja inaweza kuwa na bidhaa za mafungu tofauti ya forodha: rangi na jeli huingia kifungu cha 3304.30 cha matayarisho ya kucha za mikono na miguu, wakati kucha za plastiki huwekwa katika sura ya 39 ya bidhaa za plastiki. Ni vema kumwuliza wakala wa forodha kabla ya kulipa mzigo.

Hatari ya nne ni ya fundi mwenyewe. Kemikali za jeli ambayo haijakauka zikigusa ngozi mara kwa mara huleta mzio usioisha. Aliyepata mzio huo anaweza kuathirika hata kwa vifaa vya daktari wa meno vyenye kemikali za jamii hiyo. Glavu na dirisha lililo wazi ni sehemu ya mtaji wa kuendeshea.

MTEJA ASIYEFAA KUHUDUMIWA

Katika biashara nyingi kila mteja ni wa kukaribishwa. Hapa sivyo. Mgonjwa wa kisukari mara nyingi hupoteza hisia miguuni. Akikatwa na tupa hatajua, na kidonda kidogo kinaweza kuishia kwenye kukatwa mguu. Huyo aanzie kwa daktari. Vivyo hivyo kwa mwenye usaha, uvimbe au maumivu.

Linalotisha zaidi ni mstari au doa jeusi lisilosogea mbele kadiri ukucha unavyokua. Damu iliyovia kwa kugongwa husogea na ukucha na hatimaye hutoka. Doa linalobaki mahali pamoja, linalopanuka au kumwagikia kwenye ngozi linaweza kuwa saratani ya melanoma. Mwanamuziki Bob Marley, aliyefariki tarehe 11 Mei 1981 akiwa na umri wa miaka 36, aliuawa na saratani iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia. Fundi anayepaka rangi juu ya doa kama hilo na kupokea fedha anaweza kuwa anauza muda ambao mteja wake hana.

SOKO LA PWANI

Kwa Dar es Salaam, Zanzibar, Tanga na Mombasa lipo jambo jingine la kuzingatia. Wateja wengi ni Waislamu, na udhu unataka maji yafike kwenye ukucha. Jeli ya wiki tano haiwafai. Wauzaji wenye kuona mbali huweka kucha za stika zinazotoka kwa urahisi, pamoja na hina, ambayo hutia rangi bila kuweka utando na huficha madoa mengi ya ukucha. Angalizo ni kwamba baadhi ya piko nyeusi huchanganywa na rangi ya nywele yenye kemikali ya PPD, inayoweza kuunguza ngozi.

USHAURI KWA MWEKEZAJI

Mwenye mtaji mdogo aanze na rangi, hina na kucha za stika, huku akijifunza. Mwenye saluni tayari anaweza kuongeza huduma ya kujenga kucha, mradi awe na fundi aliyefunzwa, vifaa vya kubadilisha kwa kila mteja, na jina la zahanati ya kumwelekeza asiyefaa. Mwuza jumla ajenge jina lake kwa bidhaa zenye orodha kamili ya viambato, kwani mafundi wanaoharibiwa kazi na dawa mbovu hawarudi dukani.

Soko hili halitamtajirisha mtu kwa msimu mmoja. Ukucha wa mguu hukua milimita 1.6 kwa mwezi, na biashara yake haina budi kwenda kwa mwendo huo huo. Anayeweza kuvumilia mwaka mmoja na nusu na mteja mmoja, mpaka siku ukucha mpya utakapotoka na mteja hahitaji tena huduma, atakuwa amepata mtu wa kumtangaza bure kwa miaka mingi.