Namba Mbili Katika Kadi ya Mja Mzito

Katika kliniki za waja wazito nchini Tanzania, mwanamke huzungushiwa mkanda mkononi, mkanda ukatiwa upepo na kulegezwa, kisha muuguzi akaandika namba mbili katika kadi na kumwita mwingine. Na aghalabu mama huyo hurejea nyumbani na kadi yake mkobani, ilhali hajui namba zile zasema nini, kwa kuwa hakuambiwa, naye akaona haya kuuliza.

Haya hiyo ina gharama kubwa mno. Shinikizo la damu la himila, ambalo watu huliita presha, huanza baada ya wiki ya 20, nalo huhesabiwa kuwa limezidi pale namba ya juu ifikapo 140 au ya chini 90. Na mwanzoni haliumi wala halizuii kazi, hata mja mzito akaendelea kutwanga na kuteka maji akijiona mzima, kumbe huenda figo zimekwisha kuvujisha protini katika mkojo, na kondo la nyuma, lililo asili ya balaa yote, halimfikishii mtoto damu ya kumtosha.

Miguu kuvimba ni jambo la kawaida la himila, na hapo ndipo wengi hughurika, wakauchukulia uvimbe wa ghafula wa uso na mikono kuwa ni mamoja na ule. Kichwa kisichotulizwa na dawa, macho kuingia ukungu au kuona maluweluwe, na maumivu chini ya chembe cha moyo ni ishara za kifafa cha mimba. Na mtu akianguka kwa kifafa hicho, wako hata leo wamtafutiao mganga wa kupunga majini, na saa zikapita. Dawa ipo hospitalini: utafiti uliotangazwa mwaka 2002, wa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulithibitisha kuwa magnesiamu salfeti hupunguza hatari ya kifafa hicho kwa zaidi ya nusu.

Aliyepatwa na maradhi haya katika himila iliyotangulia, au mwenye kisukari, maradhi ya figo au mapacha, na amwarifu tabibu mapema, kwani aspirini kidogo ya kila siku, kwa amri yake na kabla ya wiki ya 20, huweza kumkinga.

Wala kujifungua si mwisho wa hadhari. Kifafa chaweza kuja baada ya mtoto kuzaliwa, hasa siku za mwanzo. Basi mzazi aliye ndani ya arobaini akilalamika kichwa au macho, apelekwe hospitali siku ile ile.