Ajengaye Daraja na Alitunze

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumezoea kuitumia kwa nyumba zetu. Leo, ndugu msomaji, tuitazame katika msitu wa mbali, magharibi ya Kanada, ambako wananchi wa kawaida walijenga kwa mikono yao madaraja ya miti ya kupitia baiskeli, kisha wakajifunza kwa taabu kwamba kujenga ni nusu tu ya kazi.

Kaskazini ya jiji la Vancouver, ng'ambo ya mkono wa bahari, ipo milima ya Fromme, Seymour na Cypress. Ni nchi ya mvua nyingi, miteremko mikali na magogo makubwa yaliyoanguka. Katika miaka ya 1980 vijana walianza kuteremka humo kwa baiskeli za milimani. Palipokuwa na tope au mizizi, walilaza ngazi ya miti wakapita juu yake. Katika miaka ya 1990 ngazi hizo zikawa ndizo mchezo wenyewe: zikainuliwa juu ya ardhi, zikafanywa nyembamba, na nyingine zikaegemezwa juu ya gogo mithili ya mizani, mpandaji akipita katikati upande wa mbele ukashuka. Mtindo huo ukaigwa katika nchi nyingi kwa jina la North Shore, yaani pwani hiyo ya kaskazini.

Msingi wa kazi hiyo ni mti mmoja, mwerezi mwekundu, ambao kwa ukoo ni ndugu wa mtarakwa wa nyanda zetu za juu. Kama vile mtarakwa unavyopendwa kwa nguzo za nyua kwa kuwa hauozi upesi, ndivyo na mwerezi huo unavyostahimili mvua. Fundi mwema hatafuti mti ulio hai. Hutumia gogo lililokwisha kuanguka. Hulikata vipande, akavipasua kwa kufuata nyuzi za mti, kwa chuma bapa chenye makali kinachogongwa kwa rungu. Kipande kilichopasuliwa hivyo hukwaruza, na tairi hukishika vyema kuliko ubao uliolainishwa. Kisha hulaza boriti mbili, akapigilia vipandio vilivyokingama, akiacha nafasi ndogo ili maji na matope yadondoke, lakini isiwe pana hata ikameza tairi. Gome huliondoa, maana hushika unyevu na kuficha uozo. Mguu wa nguzo huuweka juu ya jiwe, si udongoni. Wala hapigilii boriti kwenye mti uliosimama, kwani mti huyumba kwa upepo na hunenepa kila mwaka, na jeraha la msumari ni mlango wa maradhi.

Ufundi basi haukukosekana. Kilichokosekana ni dhamana. Mengi ya madaraja ya mwanzo yalijengwa kwa siri, bila idhini ya wenye ardhi. Aliyejenga akihama au akichoka, kazi yake ilibaki haina mwenyewe. Na mwerezi nao, pamoja na sifa zake zote, mwisho huoza. Kipandio kilichooza ndani aghalabu huonekana kizima kwa nje, mpaka siku kinapovunjika chini ya mtu. Wenye mamlaka wakabomoa baadhi ya madaraja, nao wajenzi wakanung'unika kwamba jasho lao limedharauliwa. Manung'uniko hayo yanaeleweka. Lakini jasho la jana halimkingi mpita njia wa leo.

Ukweli huo uliwafanya watu wajipange. Mwaka 1997 wapanda baiskeli wa North Shore waliunda chama chao, na kazi iliyokuwa ya siri ikaanza kufanywa kwa mapatano na wenye ardhi. Mwaka 2003 mji wa Whistler, ulio kaskazini zaidi, ulitoa kanuni za ujenzi wa njia hizo, zikieleza upana na kimo cha daraja kwa kadiri ya ugumu wa njia. Siku hizi wajenzi wa North Shore hutumia zaidi udongo mgumu na mawe, na mti huuweka pale tu unapohitajika.

Wapo watakaosema kwamba kanuni zimeua ujasiri. Sisi hatukubali. Mwenye kupanda daraja jembamba amechagua hatari ya wembamba wake. Hakuchagua hatari ya msumari uliolegea. Ile ya kwanza ni mchezo, na hii ya pili ni uzembe wa mtu mwingine.

Kazi ya kujitolea ni tukufu, lakini haimwondolei mtu wajibu. Ajengaye katika ardhi ya wote amepokea amana ya miili ya watu asiowajua. Hapana budi basi arudi kila baada ya masika na nyundo yake mkononi, akigonga kipandio kimoja kimoja na kusikiliza. Na akiona hawezi tena kurudi, amkabidhi mwingine, au alibomoe kwa mkono wake mwenyewe.