Mwani wetu, mizani ya wengine: utandawazi na hukmu ya kamba za mnunuzi

Swali hili limetufikia mara kadhaa sasa, kutoka kwa akina mama wa pwani ya mashariki ya Unguja na pia kutoka Pemba. Mnunuzi wa mwani anampa mkulima kamba na taitai bila ya malipo, kwa sharti kuwa mwani wote atamuuzia yeye. Ikifika siku ya mizani, bei ni ile anayoisema mnunuzi, na mara nyingi iko chini ya ile wanayolipwa wenye kamba zao wenyewe. Je, mama huyu akimuuzia mnunuzi mwengine anayelipa zaidi, amekula haramu?

Tutajibu inshaAllah. Lakini jawabu halitafahamika vizuri mpaka tujue kwanza bei ile inatoka wapi, kwani mnunuzi wa kijijini naye haitungi peke yake. Hapa ndipo linapoingia neno utandawazi, ambalo wengi wetu tunalidhania kuwa ni habari ya intaneti na mavazi ya vijana tu.

Mwani unaotoka kwetu hutolewa utomvu unaoitwa karajinani. Utomvu huo ndio unaoifanya dawa ya meno ishikamane na aiskrimu isijitenge na maji yake. Zamani viwanda vya Ulaya na Marekani viliupata kutoka mwani wa porini wa mwambao wa Atlantiki, Ireland ikiwemo. Mahitaji yalipozidi, wataalamu wakageukia bahari za joto, na katika miaka ya 1960 na 1970 Maxwell Doty wa Chuo Kikuu cha Hawaii akawa miongoni mwa waliosaidia kuanzisha kilimo cha mwani Ufilipino. Huku kwetu Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa akiutafiti mwani wa mwambao wetu, na mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino.

Tuseme haki: kheri iliyopatikana si ndogo. Karafuu ilikuwa imeanguka. Indonesia, iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa kwa ajili ya sigara zake za karafuu, ilipanda mikarafuu yake mpaka katika miaka ya 1980 ikajitosheleza, na sisi tukabaki na magunia. Mwani ukaja wakati huo huo, na ukawapata zaidi wanawake. Nyumba ngapi za mawe zimesimama vijijini kwa pesa ya mwani, na watoto wangapi wamevaa sare za skuli kwa pesa hiyo, kila mwenye kukaa pwani anajua. (Na waume wazikumbuke hukmu hizi: alichokivuna mke kwa jasho lake ni mali yake, na matumizi ya nyumba yanabaki juu ya mume.) Basi anayesema utandawazi wote ni shari hajakaa na akina mama hawa.

Lakini tutazame mgawanyo. Mama anaingia baharini wakati wa bamvua, maji yakiwa yametoka, anainama kwa saa nyingi juani na chumvini, na anasubiri kiasi cha wiki sita. Akishavuna, kilo saba mpaka kumi za mbichi zikikauka zinampa kilo moja. Kwa miaka mingi kilo hiyo moja ya mwani mwembamba imekuwa ikinunuliwa kwa shilingi mia chache. Kisha inapanda meli ikiwa kavu vile vile, na kazi yenye faida kubwa, ya kutoa utomvu, kuusafisha, kuuchanganya na kuutia katika bidhaa yenye jina, inafanywa Ufilipino, China, Denmark, Ufaransa au Marekani. Mwisho wake dawa ya meno inarudi dukani kwetu, nasi tunainunua.

Kwa nini tusiufanye kazi wenyewe? Si kwa sababu tumefungiwa mlango. Tangu mwaka 2001 Umoja wa Ulaya umeziondolea ushuru karibu bidhaa zote za nchi maskini zaidi, isipokuwa silaha, na Tanzania imo. Mlango uko wazi, lakini kuupita kunataka vitu ambavyo mwenye mali anavyo tayari. Kiwanda cha karajinani kinataka maji mengi matamu, madawa, maabara ya kuthibitisha ubora, na umeme usiokatika. Sisi tunakumbuka kuanzia Disemba 2009, waya wa chini ya bahari ulipoharibika na Unguja ikakaa gizani karibu miezi mitatu. Kiwanda gani kingehimili? Hii ndiyo maana ya kusema kuwa utandawazi haumkuti kila mtu mahala pamoja. Nchi iliyoendelea inaingia sokoni na ujuzi, mitaji na sheria za ubora ilizoziandika yenyewe. Sisi tunaingia na kitu kibichi na mikono.

Wala tusidhani kuwa dunia imegawika mafungu mawili tu. Ufilipino na Indonesia nazo si nchi tajiri kama za Ulaya, lakini walisisitiza kujenga viwanda vyao, na leo mavuno ya Indonesia ni makubwa kiasi kwamba bei ikitikisika huko inatikisika Paje. Nchi ile ile iliyotuacha na karafuu ndiyo inayotushinda katika mwani. Hatuna haki ya kuilaumu kwa kufanya kazi.

Liko jambo jengine zito zaidi, na hili halimo katika mizani yoyote. Mwani mnene, wenye bei nzuri zaidi, haustahamili maji yakizidi joto. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 umekuwa ukifa katika maeneo mengi ya kwetu, na wakulima wamebaki na mwembamba wa bei ndogo. Kuurudisha kunataka kulima maji ya kina, yanayohitaji mashua na kuogelea, na wengi wa mama zetu hawajui kuogelea. Moshi unaoipasha dunia joto umetoka kwa sehemu kubwa katika viwanda vya nchi zilizotangulia. Faida ya viwanda hivyo ilikwenda kwao, na hasara imemfikia mama ambaye hata gari hana.

Wenzetu nao wana machungu yao. Viwanda vya nguo vya North Carolina vilifungwa kwa wingi kazi ilipohamia Mexico na Asia, na miji mizima ikadhoofika. Tofauti ni kuwa mfanyakazi yule alikuwa na posho ya kukosa kazi, na tangu mwaka 1962 serikali yake iliwahi kuwa na fungu maalumu la kuwasaidia waliopoteza kazi kwa sababu ya biashara ya nje. Mama ambaye mwani wake mnene umekufa alipewa posho gani? Na nchi ikitaka kujilinda, nguvu hazilingani. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vya nguo vifufuke. Marekani ikatishia kuondoa msamaha wa ushuru. Kenya ikarudi nyuma, kisha Tanzania na Uganda. Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishiwa msamaha huo.

Sasa turudi kwenye kamba. Dini yetu haikuharamisha biashara ya mbali. Misafara ya Maquraysh ilikuwa ikienda Sham na Yemen, na Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) mwenyewe alifanya biashara. Lakini alikataza watu kuupokea msafara nje ya mji na kununua kabla wenye bidhaa hawajafika sokoni na kuijua bei, na katika riwaya ya Muslim mwenye bidhaa akishafika sokoni ana khiyari ya kuivunja bei ile. Illa yake iko wazi: mmoja anajua na mwengine hajui. Hali ya mkulima wa mwani inafanana mno na hiyo, ila soko lake liko ng'ambo na hatalifikia kamwe.

Ama sharti la kamba, lina kasoro mbili. Kwanza, kuahidi kuuza kwa bei itakayosemwa baadae ni kuuza kwa bei isiyojulikana, na ahadi hiyo haimfungi mtu mpaka bei itajwe na yeye airidhie. Pili, imepokewa katika Abu Dawud na Tirmidhi kukatazwa kuunganisha mkopo na mauzo. Anayeazima kamba ili anunue kwa bei ya chini kuliko ya wengine amejivutia manufaa kwa kile alichokiazima. Kwa hivyo tunaona mama huyu anaweza kumuuzia mwengine, na pesa yake ni halali. Kamba si zake, azirejeshe au azilipe. Kuzishika kimya kimya na kuhama mnunuzi ni kula amana ya mtu, na udhaifu wa sharti haumhalalishii hilo. Wala asiingize mchanga au kuurowesha mwani ili uwe mzito. Aliyepunjwa hakuruhusiwa kughushi.

Mnunuzi anayetaka uhakika wa mzigo yuko huru kufunga salam: alipe thamani yote pale pale katika kikao, kwa uzito, aina na muda unaojulikana. Au awakodishe kamba kwa ujira maalumu, au awauzie kwa mkopo usio na sharti la mwani. Vikundi vya akina mama vinavyochangishana kununua kamba zao wenyewe vimechagua njia iliyo safi zaidi, na waume na watoto wenye uwezo wawasaidie kwa hilo kabla ya bamvua lijalo.

Wengine wameuliza: kamba zikikatika je? Kwa madhehebu ya Shafi ambayo wengi wetu tunaifuata, kilichoazimwa kikichakaa kwa matumizi yale yale yaliyoruhusiwa, aliyeazima hadaiwi. Zikipotea kwa njia nyengine, atalipa thamani yake kama zilivyokuwa siku ile zilipopotea, si bei ya kamba mpya. Wallahu a'lam.