Muuguzi Mkimbizi na Posho ya Motisha Mkoani Kigoma

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1965 unaopinga ubaguzi wa rangi hauishii kwenye rangi ya ngozi, kwani unataja pia nasaba na asili ya taifa au kabila. Hata hivyo, mkataba huohuo haugusi tofauti ambazo nchi huweka kati ya raia na wasio raia, na katika mwanya huo ndimo alimo muuguzi mkimbizi wa Kigoma.

Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita, na mwaka 2015 ikapokea Warundi, wengi wao wakiwa wamepitia kijiji cha Kagunga, kilichokumbwa na kipindupindu, na kuletwa Kigoma mjini kwa meli ya Liemba. Aliyesomea uuguzi Burundi au Kongo husoma kwa Kifaransa na kupewa cheti cha ngazi kama A1 au A2, ilhali Tanzania hairuhusu mtu kufanya kazi hiyo bila kusajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Basi huwekwa katika kundi la wahudumu wa motisha, yaani watu wanaohesabiwa kuwa wanajitolea na kulipwa posho ndogo badala ya mshahara. Huzungusha utepe kwenye mkono wa mtoto kupima utapiamlo na kumfasiria mama maelekezo ya dawa kwa Kirundi au Kibembe, lakini kupanda daraja na pensheni ni vya mwenzake raia. Watetezi wa utaratibu huu husema kwamba mkimbizi hupewa chakula bure; hoja hiyo, mbali na kwamba mgao wenyewe umepunguzwa mara kadhaa, inachanganya msaada anaopewa mtu kwa kuwa amekimbia na ujira anaoustahili kwa kuwa amefanya kazi.

Rangi haihusiki hapa, wala lugha: Muha na Mrundi husikilizana bila mkalimani, na Wamanyema wa Ujiji, ambao mababu zao walitoka Kongo katika karne ya 19, leo ni wenyeji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa utaifa na wa mahali mtu alikotoka, ila ni vigumu kwa asiyehesabiwa kuwa mwajiriwa kuidai. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, ambayo ndiyo inayombana asitoke kambini bila ruhusa, inaruhusu pia mkimbizi mwenye sifa apewe kibali cha kazi, ingawa kibali hicho hakimwondolei sharti la kusajiliwa na Baraza.