Darasa la Milioni Ishirini

Oktoba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua matumizi ya mkopo wa UVIKO-19, Sh trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Humo yalikuwamo madarasa 15,000, yaani 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi vya shule za msingi, na kila darasa lilitengewa Sh milioni 20. Milioni 20 Temeke, milioni 20 Karatu mjini, milioni 20 Nainokanoka kwenye baridi ya nyanda za juu za Ngorongoro. Kidato cha kwanza kikiingia Januari, kikute viti.

Bei moja ina faida yake: mkaguzi hasumbuki, na mwenye nia ya kuchota anapata tabu ya kujieleza. Ila inachukulia kwamba ardhi yote ni moja. Wilaya za Karatu na Ngorongoro zinapakana, zote za Mkoa wa Arusha, na lori likitoka maduka ya Karatu si mbali kufika lango la Lodoare, la kuingilia Hifadhi ya Ngorongoro. Likishapita hapo, mradi uleule unageuka kuwa mradi mwingine.

Upande wa Karatu kazi inakwenda. Mji wenyewe umekuzwa na mashamba na watalii. Maduka ya vifaa vya ujenzi yako kando ya lami, na mafundi wamezoea kazi za loji. Utaratibu ni wa fosi akaunti: hakuna mkandarasi, shule inajisimamia kwa kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi. Ukitaka kujua mradi unaponea au unafia wapi, kaa na kamati ya mapokezi. Lori limeshusha bati. Mjumbe, mkulima wa mahindi na mbaazi, analigeuza la juu kutafuta mhuri wa geji. Kwenye makadirio imeandikwa 28. Iliyo rahisi dukani ni 30, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Akiridhika anatia sahihi. Asipojua cha kutafuta, upepo utakuja kumwonyesha. Pembeni yuko mkuu wa shule, aliyesomea kufundisha kemia, anahesabu nondo. Wapo wanaoubeza utaratibu huu kwamba ni wa kubahatisha. Mimi naona ndiyo sehemu pekee ya mpango iliyo na macho.

Shida huanza rangi ikishakauka, na si shida ya jana. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, wa 2004 hadi 2009, ulipandisha idadi ya sekondari za serikali kutoka 828 hadi zaidi ya 3,200, kata kwa kata, Waziri Mkuu Edward Lowassa akiwasukuma wakuu wa wilaya mpaka walipokosa usingizi. Watu wakaziita yeboyebo. Vijana waliotoka kidato cha sita wakapigwa msasa wa muda mfupi na kupewa chaki, wakaitwa vodafasta. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yakaja: zaidi ya nusu ya watahiniwa sifuri. Kejeli zilikuwa na haki yake, lakini zilisahau kwamba kabla ya shule za kata mtoto wa Mang'ola au Endabash hakuwa na mahali pa kwenda kuipata hata hiyo sifuri.

Shule ya kata ni ya kutwa, na kata ya Baray, kule bondeni kuelekea Ziwa Eyasi, si ndogo kama kata ya Kinondoni. Mtoto anatoka alfajiri na kurudi giza likiingia. Mzazi mwenye uwezo kidogo humpangishia chumba karibu na shule, geto, ajipikie na kujilinda mwenyewe. Kwa msichana wa miaka 15 hilo la pili ni gumu kuliko hesabu. Ndipo wananchi wanapojenga hosteli. Sasa angalia mkasi wa bajeti unavyokata: tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, serikali hulipia chakula cha wanafunzi wa shule zake za bweni, lakini hosteli ya shule ya kutwa haihesabiwi kuwa bweni. Mzazi analeta gunia la mahindi na debe la maharage, makande yapikwe. Watoto wawili wanalala chini ya bati la geji moja, mmoja analishwa na Hazina, mwenzake na shamba la baba yake. Mvua ikikosekana, wa pili anarudi nyumbani.

Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro hata shamba la baba halipo. Hifadhi ilianzishwa 1959 kwa ahadi kwamba watu, mifugo na wanyamapori wataishi pamoja. Kilimo kilipigwa marufuku 1975, kikaruhusiwa 1992, kikazuiwa tena 2009. Kwa hiyo gunia la hosteli linanunuliwa Karatu kwa fedha ya mbuzi aliyeuzwa mnadani. Ujenzi unahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi. Saruji na nondo zinapanda mlima kutoka Karatu, na milioni 20 zinaanza kuliwa na lori kabla msingi haujachimbwa. Halafu darasa la kutwa linamfaa nini mtoto ambaye boma lao linafuata malisho, na njia yake ya shule ndiyo hiyohiyo ya nyati na tembo? Huko sekondari isiyo na bweni ni jengo la watoto wa jirani tu.

Kisha ikaja Machi 2022. Walimu wakuu wa baadhi ya shule ndani ya hifadhi walipata barua za halmashauri zikiwaelekeza wahamishe fedha za UVIKO zilizokwisha kuingia kwenye akaunti za shule, ziende Handeni mkoani Tanga. Juni familia za kwanza kutoka hifadhini zilianza kuhamia Msomera, wilayani humo humo Handeni. Serikali ilisema kuhama ni hiari na kwamba hifadhi imeelemewa, na hoja hiyo ya pili si ya kupuuzwa: watu wameongezeka zaidi ya mara kumi tangu 1959. Lakini kama kuhama ni hiari, aliyechagua kubaki ana haki ya darasa na choo cha shule. Fedha ilihama kwanza, watu wakafuata, na wengi hawakufuata. Agosti 2024 wananchi wa hifadhini waliandamana barabarani, na Desemba Rais alikutana na viongozi wa Wamaasai Arusha akatangaza kuunda tume mbili kuhusu suala hilo.

Wakati hayo yakiendelea, kalenda ya elimu haisubiri. Kwa mtaala ulioanza Januari 2024, unaofupisha elimu ya msingi kuwa ya miaka sita, darasa la sita na darasa la saba watamaliza pamoja 2027, na Januari 2028 kidato cha kwanza kitapokea makundi mawili kwa mpigo. Kila halmashauri inapiga hesabu ya vyumba. Ningependa makadirio ya safari hii yawe na mistari miwili ambayo bei moja ya 2021 haikuiachia nafasi: usafirishaji kwa kadiri ya umbali, na vitanda. Karatu waanze na vitanda. Ngorongoro wanahitaji mistari yote miwili, na kibali kiombwe mapema.